Faili la jimbo linataka alama ya ulemavu kwa kila mwanafunzi. Kipi kinapelekwa na kipi kinabaki chuoni?

Mdau_Takwimu ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Niko ofisi ya takwimu ya chuo cha jamii hapa California. Kila muhula tunatuma mafaili Ofisi ya Chansela, Sacramento, inayosimamia vyuo vya jamii vya jimbo zima, na mojawapo ni la wanafunzi wanaohudumiwa na DSPS, yaani ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Aliyekuwa akiliandaa amestaafu, kazi imeniangukia mimi. Nimekwama mahali patatu.

Kwanza, DSPS wamegoma kunipa orodha. Wanasema FERPA (sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi) na HIPAA (ya faragha ya taarifa za matibabu) haziruhusu.

Pili, namba hazisemi kitu kimoja. Faili la jimbo la mwaka uliopita, mihula yote, lina wanafunzi 412. Kwenye IPEDS, ripoti ya takwimu za vyuo kwa serikali ya shirikisho, tuliweka "asilimia 3 au chini ya hapo" kwa sababu tulikuwa na 205 kati ya 7,100. Ripoti ya Perkins, ile ya fedha za shirikisho za elimu ya ufundi, ina 96. Makamu wa rais wa chuo anataka kujua namba ya kweli ni ipi, na anataka jibu la mstari mmoja.

Tatu, yule ambaye hajajisajili DSPS kabisa, kwenye jedwali letu la ndani niandike "hapana" au niache wazi?

Anayejua kwa undani anisaidie. Naomba vifungu na hatua, sio "wasiliana na mwanasheria".

---

Safu_ya_Saba amejibu:

Mkuu, namba zako zote tatu zinaweza kuwa sahihi. Kila moja inajibu swali lake.

IPEDS inauliza hivi: kati ya wanafunzi wote wasio wa uzamili walioandikishwa muhula wa vuli wa mwaka uliopita, ni asilimia ngapi wamesajiliwa rasmi na ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu? Swali hili lilitokana na sheria ya elimu ya juu ya 2008. Ukiwa na asilimia 3 au pungufu unachagua hicho kisanduku na yameisha, ukizidi unaandika asilimia yenyewe. Linakaa kwenye sehemu ya Sifa za Taasisi, ile inayofunguliwa Septemba na kufungwa katikati ya Oktoba. 205 kwa 7,100 ni 2.89, kwa hiyo kisanduku mlichochagua ni sawa. Ila angalia mko karibu na mpaka: wakifika 214 mnavuka. Mwaka mmoja chuo kinaonekana "3 au chini", unaofuata kinaonekana kimezidi 3, na watu wa bodi wataanza kuuliza kumetokea nini wakati walioongezeka hawajazi hata darasa moja.

Faili la jimbo linahesabu watu wengine. Linakusanya mwaka mzima, si vuli peke yake. Aliyeingia muhula wa machipuko tu, jimbo linamhesabu, IPEDS haimwoni. Halafu kuna kozi zisizo na krediti. Vyuo vingi vya California vina madarasa ya namna hiyo kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili, na wote wanaingia kwenye faili la DSPS. IPEDS inahesabu wanaosoma kwa krediti tu. Chukua 412 zako, toa wasio na krediti, toa wasiokuwepo vuli. Sitashangaa ukitua karibu kabisa na 205. Fanya hesabu hiyo mara moja na uihifadhi, kwa sababu utaulizwa tena mwakani.

Kuna kitu kingine kinachoivuta asilimia ya IPEDS chini, na wengi hawakioni. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma kozi za chuo kabla hawajahitimu wanaingia kwenye kigawanyo kwa sababu wako kwenye krediti. Wenye ulemavu miongoni mwao mara nyingi bado wana IEP (mpango binafsi wa elimu maalumu) kwenye shule yao ya sekondari, hawaoni sababu ya kwenda kujisajili DSPS. Kwa hiyo wanaongeza 7,100 bila kuongeza 205. Chuo kikipanua mpango huo, asilimia inashuka hata kama DSPS wana kazi kuliko zamani.

Perkins ni chombo kingine. Sheria ya 2018 inahesabu waliokolea kwenye programu ya ufundi, na kwa chuo hiyo maana yake ni aliyepata angalau krediti 12 ndani ya programu moja, au aliyemaliza programu yenye chini ya krediti 12. Wenye ulemavu ni kundi maalumu ndani ya hao. Tafsiri ya ulemavu kwa ngazi ya chuo ni ya ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu, si ya sheria ya elimu maalumu ya mashuleni. Kwa hiyo 96 ni sehemu tu ya wale 412, huwezi kuweka hizo namba kwenye mstari mmoja.

Jibu la mstari mmoja kwa makamu wa rais: hakuna hata namba moja hapo inayosema chuo kina wanafunzi wangapi wenye ulemavu. Zinasema wangapi wamejisajili. Utafiti wa kitaifa wa NCES, kituo cha shirikisho cha takwimu za elimu, wa mwaka wa masomo 2019–20, unaowauliza wanafunzi wenyewe, ulipata takriban asilimia 21 ya wanafunzi wasio wa uzamili. Na NCES hiyohiyo ilieleza mwaka 2022 kwamba ni kama theluthi moja tu ya wenye ulemavu wanaokitaarifu chuo. Makamu akitaka kulinganisha na 21 hiyo, mwambie kabisa kwamba swali ni jingine.

Swali la tatu: usiandike "hapana". Huna ushahidi wa "hapana". Weka thamani yake yenyewe, mfano "hajasajiliwa". Ukiandika "hapana", miaka mitatu baadaye mtu atachora grafu ya "wasio na ulemavu" na ndani yake wamejaa wenye ulemavu ambao hawakutaka kusema. Tofauti ya kuhitimu kati ya makundi hayo mawili itakuwa haina maana yoyote.

---

Bi_Mwanahawa amejibu:

Naongezea upande wa sheria, kwa sababu hapo ndipo ofisi mbili za chuo kimoja hugombana bila sababu.

Kwanza HIPAA iwekeni kando. Barua za madaktari zilizoko kwenye ofisi ya ulemavu ya chuo ni kumbukumbu za elimu chini ya FERPA, na HIPAA yenyewe inaziondoa kumbukumbu za elimu kwenye mamlaka yake. Anayetaja HIPAA hapo ametaja sheria isiyohusika. Usimwambie kwa ukali, lakini mwonyeshe.

FERPA ndiyo yenye kauli, na inaruhusu njia mbili unazozihitaji. Ndani ya chuo, kifungu cha 34 CFR (kanuni za shirikisho) 99.31(a)(1): mtumishi wa chuo mwenye sababu halali ya kielimu anaweza kupewa taarifa bila ridhaa ya mwanafunzi. Lakini chuo lazima kiwe kimetaja kwenye tangazo lake la mwaka la FERPA ni nani anaitwa mtumishi na sababu halali ni ipi. Fungua tangazo la chuo chako usome. Kama maneno yake yanagusa utoaji wa ripoti zinazotakiwa kisheria, una msingi wako. Kama hayagusi, yarekebishwe kwanza.

Kutoka chuo kwenda jimbo, ni 99.31(a)(3) pamoja na 99.35. Mamlaka ya elimu ya jimbo inaweza kupewa taarifa za mtu mmojammoja kwa ajili ya ukaguzi au tathmini ya programu zinazofadhiliwa na serikali. Ridhaa haihitajiki. Mambo mawili husahaulika. Utoaji huo uandikwe kwenye kumbukumbu, 99.32 inataka hivyo. Na jimbo likimtumia mtu wa nje, mkandarasi au chuo kikuu cha utafiti, lazima kuwe na mkataba wa maandishi kati ya jimbo na huyo mtu, unaotaja taarifa zipi, kwa kazi gani, na zitaharibiwa lini. Mkandarasi akikuandikia barua pepe moja kwa moja akiomba faili, omba nakala ya mkataba kabla ya kutuma hata safu moja.

Sasa kilicho muhimu zaidi: DSPS wana haki ya kugoma kukupa faili zima, na hapo mimi niko upande wao. Wewe huhitaji barua ya daktari. Huhitaji jina la ugonjwa, dawa, wala maelezo ya mshauri. Unahitaji namba ya mwanafunzi, msimbo wa aina kuu ya ulemavu, msimbo wa aina ya pili kama upo, na hesabu ya huduma. Misimbo ya jimbo ni makundi mapana: kimwili, uziwi na usikivu hafifu, upofu na uoni hafifu, kujifunza, jeraha la ubongo, ADHD (ugumu wa kutulia na kuzingatia), akili, usonji, afya ya akili, na hali nyingine za kiafya. Mwanafunzi mwenye kifafa anaingia kwenye kundi la mwisho, na neno "kifafa" halina sababu ya kufika kwenye kompyuta yako.

Waandikie DSPS ombi la nusu ukurasa: safu hizi nne, wanafunzi wa muhula huu tu, zitawekwa folda hii, watakaoifungua ni watu hawa wawili kwa vyeo vyao, itafutwa baada ya jimbo kulipokea faili. Ombi la namna hiyo hukubaliwa. Ombi la "nitumieni orodha" hukataliwa, na linastahili kukataliwa.

Kwa wale watakaosoma uzi huu wakiwa majimbo mengine: California ina shinikizo la fedha kwenye faili hili, kwa sababu mgao wa DSPS hutegemea kwa sehemu kubwa hesabu ya wanafunzi, na kila aina ya ulemavu ina uzito wake. Pia Sheria ya Elimu ya jimbo, kifungu 67312, inataka ripoti kila miaka miwili kwa gavana na bunge, chuo kwa chuo, juu ya uandikishwaji, kubaki masomoni na kuhitimu. Illinois wana utaratibu wao, wenye ulemavu wamo kwenye ripoti ya mwaka ya makundi yasiyowakilishwa vya kutosha inayosimamiwa na Bodi ya Elimu ya Juu. Yako majimbo yasiyotaka faili la mtu mmojammoja hata kidogo. Msinakili utaratibu wa jirani.

---

Kiboko_wa_Fomu amejibu:

Kama uzito wa fedha hutofautiana kwa aina ya ulemavu, si mwenye aina mbili aandikwe ile yenye uzito mkubwa iwe kuu? Chuo kinapata zaidi, mwanafunzi hapotezi kitu.

---

Bi_Mwanahawa amejibu:

Hapana kaka. Aina kuu huamuliwa na mtaalamu wa DSPS kwa kuangalia ni ipi inayomzuia zaidi mwanafunzi kimasomo. Mkaguzi akija anafungua jalada: uthibitisho wa ulemavu, mpango wa marekebisho ya kimasomo, na ushahidi wa huduma iliyotolewa. Msimbo ukisema kitu kimoja na mpango ukasema kingine, fedha zinarudishwa. Kuna mpango unaosema "muda wa nyongeza kwenye mtihani kwa sababu ya ugumu wa kusoma", halafu msimbo unasema uziwi. Hiyo haihitaji mkaguzi hodari kuigundua.

---

Mdau_Takwimu ameandika:

Nawashukuru sana. DSPS wamekubali safu nne. Nimejaribu kuunganisha na mfumo wa usajili: wao wanatumia programu yao ya kufuatilia marekebisho, sisi tuna Banner. Programu yao haina namba ya mwanafunzi kwa watu wote, kwa hiyo nimeunganisha kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Zaidi ya 30 wamekosa pacha, na wachache wamepata pacha wawili. Nifanyeje?

---

Safu_ya_Saba amejibu:

Acha jina na tarehe ya kuzaliwa leo hiihii, hasa kwenye chuo chenye watu wetu. Wakimbizi wengi wana tarehe 1 Januari kwenye hati, kwa sababu ndiyo waliyoandikiwa pale ambapo tarehe kamili haikujulikana. Chukua familia kutoka Kongo au Burundi, majina matatu, la ukoo halifanani kati ya baba na mtoto, na mwandikishaji mmoja ameweka la kwanza mwisho na mwingine ameweka la mwisho kwanza. Hapo ndipo unapata pacha wawili: Jean Bosco aliyezaliwa 1 Januari anakutana na Bosco Jean wa 1 Januari, na mmoja wao hana ulemavu wowote. Kumbandika mtu alama ya ulemavu asiokuwa nao kwenye faili la jimbo ni kosa baya kuliko kumkosa aliye nao.

Njia inayofanya kazi ni hii. Waambie DSPS waifanye namba ya mwanafunzi kuwa sehemu ya lazima kwenye fomu yao ya kujisajili, na kwa waliokwishasajiliwa wamtafute mmojammoja kwenye Banner kupitia barua pepe ya chuo, ambayo haina marudio. Watu 30 ni kazi ya asubuhi moja. Namba ya hifadhi ya jamii usiitumie kuunganisha.

Kisha, kabla ya kuamini hesabu, chuja. Watu wafuatao hujificha kwenye orodha ya programu za namna hiyo:

Waliohitimu au kuacha masomo lakini jalada lao bado linasomeka "hai". Programu haijui kama mtu amehitimu mpaka mtu aifunge. Dawa yake ni kuunganisha na usajili wa muhula husika. Asiye na kozi, hayumo.

Walioanza fomu wakaishia njiani. Wamejaza jina na tatizo, hawakuleta uthibitisho, hawakukutana na mshauri. Hao hawajasajiliwa rasmi kwa IPEDS wala kwa jimbo.

Wajawazito. Marekebisho yao yanatokana na Title IX, sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, na vyuo vingi vimewapitisha kwenye ofisi hiyohiyo kwa sababu ina watu wanaojua kazi. Ujauzito wenyewe si ulemavu, watolewe. Mwenye tatizo la kiafya lililotokana na ujauzito huamuliwa na DSPS.

Waliovunjika mguu. Hapa kila chuo kina desturi yake. Nisemalo ni moja: andikeni kanuni ya chuo chenu, iwe na tarehe, na muifuate kila mwaka. Mkiwahesabu mwaka huu na kuwaacha mwakani, mabadiliko ya asilimia yatakuwa yametengenezwa na nyie.

Na mwisho, ifungie nakala. Siku unayotuma faili, hifadhi picha ya data ilivyokuwa siku hiyo pamoja na maagizo ya kompyuta (code) yaliyoizalisha. Ofisi ya ulemavu hufungua na kufunga majalada kila wiki, na ukiendesha swali lilelile Machi hutapata jibu la Oktoba.

---

Mama_Furaha ameuliza:

Samahanini kwa kuingilia, naona hapa kuna wenye ujuzi. Niko Ohio. Mwanangu ana usonji, anamaliza sekondari mwakani, ana IEP. Nikisoma haya ya majimbo na mafaili naogopa. Akienda chuo, jina lake na ugonjwa wake vinafika serikalini? Na je, vitaandikwa kwenye matokeo yake?

---

Bi_Mwanahawa amejibu:

Shikamoo mama. Nakujibu moja moja.

Kwenye matokeo, hapana. Karatasi ya matokeo ya chuo haionyeshi ulemavu wala marekebisho. Chuo pia hakiruhusiwi kumuuliza kuhusu ulemavu kabla ya kumdahili, 34 CFR 104.42 inakataza, isipokuwa katika hali chache ambapo kinarekebisha ubaguzi wa zamani, na hata hapo kujibu ni hiari. Akishadahiliwa, kujisajili ofisi ya ulemavu ni hiari yake yeye. Asipojisajili, chuo hakimhesabu kama mwenye ulemavu, lakini pia hana haki ya kudai muda wa nyongeza wala chumba cha utulivu cha mtihani.

IPEDS, ile ripoti ya shirikisho, haina jina la mtu. Ni asilimia moja kwa chuo kizima. Faili la jimbo hutegemea jimbo. Uliza ofisi ya ulemavu ya chuo mtakachochagua swali hili, kwa maneno haya: "Je, mnapeleka jimboni taarifa ya ulemavu ya mwanafunzi mmojammoja, na ni safu zipi?" Ofisi inayojua kazi yake italijibu.

Njia ambayo jina kweli hufika serikalini ni nyingine, na nadhani tayari mnaifahamu. Kama mwanao atasaidiwa ada au vifaa na wakala wa urekebishaji wa kazi, na kwa Ohio ni Opportunities for Ohioans with Disabilities, wakala huo hupeleka kumbukumbu ya kila mteja kwa serikali ya shirikisho kila robo mwaka, kwenye ripoti iitwayo RSA-911. Aina ya ulemavu imo. Huo ndio utaratibu wa kupokea huduma yao, wala usikufanye uikatae. Msaada wao ni mkubwa.

Pia jiandae kwa simu au dodoso. Sheria ya elimu maalumu inalitaka kila jimbo liripoti vijana waliokuwa na IEP wako wapi mwaka mmoja baada ya kuondoka. Kinaitwa Kiashiria cha 14. Kwa kawaida hupiga kati ya Aprili na Septemba. Wanauliza kama anasoma na kama anafanya kazi. Kwa upande wa chuo, anahesabika kuwa amesoma kama alimaliza angalau muhula mmoja kamili, hata wa muda nusu. Kujibu ni hiari, ila namba ya simu iliyoko shuleni iwe inayopatikana, maana familia zilizohamahama ndizo zinazokosekana kwenye hesabu hizo.

Jambo la mwisho, na ndilo huwashtua wazazi: IEP haimfuati chuoni. Siku anapoanza chuo, haki za FERPA zinahama kutoka kwako kwenda kwake, hata kama hajafika miaka 18. Chuo kinaweza kukupa taarifa kama unamweka kama tegemezi kwenye kodi, lakini hakilazimiki. Mkae mkubaliane mapema asaini fomu ya ridhaa, itaje ofisi ya ulemavu kwa jina, maana fomu ya ofisi ya ada peke yake haitoshi. Na chukueni nakala za tathmini zake za karibuni kabla hajamaliza sekondari. Baadaye shule huwa nzito kuzitafuta.

---

Kalamu_Nyeusi amejibu:

Kwa wenye viza ya mwanafunzi ya F-1 ongezeni hili, kwa sababu wanafunzi kutoka Nairobi na Dar hulikosea sana.

Ofisi ya ulemavu ikikuandikia barua kwamba upunguziwe mzigo wa masomo, barua hiyo haigusi hadhi yako ya uhamiaji. Anayeruhusu kusoma chini ya muda kamili ni DSO, ofisa wa chuo anayeshughulikia SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), na lazima aruhusu kabla hujaacha kozi. Ukiacha kozi Jumatatu ukamwona Jumatano, umekwisha kuvunja masharti. Anahitaji barua ya daktari mwenye leseni, au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni. Barua ya mshauri wa ofisi ya ulemavu haitoshi. Ruhusa hiyo kwa sababu za kiafya haizidi jumla ya miezi 12 kwa ngazi moja ya masomo, na hufanywa upya kila muhula. Hata likizo kamili ya muhula inawezekana, ila inakula miezi ileile 12.

Kwenye SEVIS inaandikwa kwamba sababu ni ya kiafya. Jina la ugonjwa halitakiwi. Mkiona fomu ya chuo inamtaka daktari aeleze ugonjwa kwa kirefu, ulizeni kama aya mbili zinatosha: kwamba mwanafunzi ana hali ya kiafya, na kwamba anashauriwa kupunguza au kusimamisha masomo muhula huu.

---

Mdau_Takwimu ameandika:

Nimeunganisha wote. Waliopata pacha wawili wamesafishwa. Limebaki moja: bodi ya chuo inataka jedwali la wenye ulemavu kwa programu, jinsia na aina ya ulemavu. Uuguzi una mwanafunzi mmoja mwenye uoni hafifu.

---

Safu_ya_Saba amejibu:

Jedwali hilo usilitoe hivyo. Jedwali la bodi ni la umma, na darasa zima la uuguzi litajua ni nani.

Weka kiwango cha chini. Wengi hutumia 10, wachache 5, angalia kama wilaya yako ya vyuo ina kanuni ya maandishi. Ila kufuta kisanduku kimoja hakutoshi. Ukiweka nyota kwa wenye ulemavu wa uuguzi na kuacha jumla ya programu 64 na wasiosajiliwa 61, kila mtu anajua ni 3. Ukificha kisanduku kimoja kwenye mstari, ficha na cha pili chenye namba ndogo inayofuata, halafu rudia ukaguzi huohuo kwa safu wima. Asilimia nazo hufichua: asilimia 4.7 ya 64 ni watu 3. Na ukitoa jedwali la mwaka huu na la mwaka jana kwa muundo uleule, mtu anaweza kutoa moja kwenye jingine, kwa hiyo yakague yote mawili pamoja.

Kwa bodi ningevunja vipimo. Jedwali la kwanza: programu zikiwa zimekusanywa katika makundi makubwa, afya, ufundi, biashara, sanaa na sayansi, na waliosajiliwa tu bila aina ya ulemavu. Jedwali la pili: aina za ulemavu kwa chuo kizima, na zenye watu chini ya 10 ziingie pamoja kwenye "nyinginezo". Jinsia iwe jedwali la tatu, peke yake. Wakitaka zote tatu zikutane kwenye jedwali moja, waulize wanataka kuamua nini kwa hilo jedwali. Kama ni bajeti ya wakalimani wa lugha ya alama, DSPS wana saa za ukalimani kwa muhula, na hizo hazimtaji mtu.